Simu ikikataa uso wako: mwongozo kamili kabla ya kwenda kwa fundi

Simu ikigoma kuutambua uso wako, fundi awe mtu wa mwisho kumfikiria. Matatizo mengi ya aina hii yanaisha ukiwa umekaa sebuleni kwako, bila bisibisi na bila kutoa hata mia. Yale machache yanayohitaji fundi ndiyo ya kuogopa, kwa sababu sehemu inayosoma uso ni dhaifu, na mkono usio makini unaweza kuiua moja kwa moja. Kwa hiyo fuata mpangilio: jua simu yako inaonaje, thibitisha kwamba kuna ubovu kweli, safisha, angalia mwanga na uso, gusa mipangilio. Kufungua simu kuje mwisho.

Anza na jaribio la giza

Zipo njia mbili za simu kutambua uso, na watu huzichanganya kila siku.

Ya kwanza ni Face ID, iliyoanza na iPhone X mwaka 2017. Ipo kwenye iPhone zilizofuata, ukiondoa zile za SE zinazotumia alama ya kidole, na kwenye iPad Pro kuanzia matoleo ya 2018. Juu ya kioo kuna kifaa kidogo kinachorusha nukta zaidi ya 30,000 za mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Kamera maalumu inasoma jinsi nukta hizo zilivyolala puani, mashavuni na kuzunguka macho. Simu inapata umbo la uso lenye mabonde na miinuko, kwa hiyo giza haliisumbui.

Ya pili ndiyo ya simu nyingi za Android tulizonazo mjini, iwe Tecno, Infinix, Redmi au Samsung. Hizi zinatumia kamera ileile ya selfi. Zinapiga picha bapa, zinailinganisha na uliyosajili, basi. Android chache zilijaribu infraredi, kama Huawei Mate 20 Pro ya 2018 na Google Pixel 4 ya 2019, lakini hizo ni za kuhesabu.

Ukiwa huna uhakika yako ni ipi, subiri usiku. Zima taa, punguza mwanga wa kioo hadi chini kabisa, kisha jaribu kufungua. Ikifunguka bila kusita, ni infraredi. Ikigoma, au ikiwasha kioo kwanza ili ikumulike, ni kamera ya kawaida. Ukishajua hilo, nusu ya ushauri wa mtaani utaupita tu, maana kinachoitibu simu ya aina moja mara nyingi hakina maana kwa nyingine.

Hakikisha ni ubovu, si masharti ya simu

Simu inayokuomba namba ya siri badala ya uso huenda haina tatizo lolote. iPhone itadai namba ya siri kila inapozimwa na kuwashwa, ikikaa zaidi ya saa 48 bila kufunguliwa, na uso ukishindwa mara tano mfululizo. Itaidai pia kama hujaandika namba hiyo kwa siku sita na nusu na Face ID haijafungua simu ndani ya saa nne zilizopita. Kuna na hili la vitufe: ukiminya kwa pamoja kitufe cha pembeni na kimoja cha sauti kwa sekunde mbili hivi, Face ID inajifunga hadi uandike namba. Kwenye daladala iliyoshona, simu ikiwa kwenye mfuko wa suruali, hilo linatokea bila wewe kujua.

Android nazo zina masharti yao. Baada ya kuwashwa upya lazima uandike PIN au uchore mchoro, na nyingi za kamera ya kawaida zinataka hivyo hata zikikaa saa nne bila kufunguliwa. Umeme ukikatika usiku na simu ikaisha chaji, asubuhi usishangae uso kukataliwa. Andika namba, endelea na shughuli zako.

Lipo lalamiko jingine ninalolisikia sana: "Simu inafunguka kwa uso vizuri, lakini programu ya benki inakataa uso." Huo si ubovu. Android inazipanga njia hizi za utambuzi kwa madaraja matatu ya nguvu, na programu za kifedha kwa kawaida zinakubali daraja la juu tu. Kamera ya selfi kwenye simu nyingi haifiki daraja hilo, alama ya kidole inafika. Sajili kidole, utaingia benki. Kwenye iPhone, Face ID inatosha.

Futa, vua, bandua

Dar ina adui wanne wa kamera ya mbele: jasho, vumbi, mafuta ya ngozi na ukungu. Huyu wa mwisho anasahaulika. Ukitoka kwenye ofisi yenye kiyoyozi kikali pale Posta ukaingia kwenye joto la nje, simu yako bado ni ya baridi, hivyo unyevu wa hewa unaganda juu ya kioo. Kwa dakika chache kamera inaona kama kupitia dirisha la bafuni. Ifute kwa kitambaa laini kikavu, hasa ukingo wa juu, halafu subiri kidogo.

Baada ya hapo iangalie protekta. Za bei poa zina mpaka mweusi uliochapwa, na ukibandikwa ukiwa umehama kidogo tu unafunika vitundu vya sensa, yaani vifaa vinavyousoma uso. Macho yako yataona kioo safi, kumbe infraredi imezibwa. Chunguza pia mapovu ya hewa na mstari wa gundi karibu na kamera. Njia ya uhakika ni moja: ibandue, jaribu bila protekta wala kava, ndipo uhukumu. Kama simu imepona, nunua protekta nyingine iliyokatwa nafasi ya sensa.

Na kama simu ilikaa kwenye dashibodi juani, iache ipoe. Apple wanashauri iPhone itumike kwenye joto la nyuzi 0 hadi 35, na ndani ya gari lililofungwa Januari kiwango hicho kinapitwa mapema sana. Ipoze kivulini. Friji usiifikirie kabisa, itakuzalishia unyevu ndani.

Mwanga ndio mchawi mkubwa wa Android

Hapa ndipo wenye simu za kamera ya kawaida wapatie muda wao. Kamera ya selfi inapima mwanga wa picha nzima. Ukisimama chini ya mwembe huku nyuma yako jua linawaka, au ukakaa na dirisha kubwa mgongoni, kamera inapunguza mwanga ili kuihimili ile sehemu inayong'aa, na uso wako unabaki kivuli. Kwa ngozi nyeusi hali inakuwa mbaya zaidi, kwa kuwa maelezo ya uso yanamezwa mapema. Dawa ni kugeuka: mwanga uje mbele yako au ubavuni, usije mgongoni. Usiku, washa mpangilio wa kuongeza mwanga wa kioo wakati wa kutambua uso. Kwenye Samsung upo ndani ya sehemu ya utambuzi wa uso, na chapa nyingine nyingi zina unaofanana nao.

Tusifiche jambo moja hapa. Mwaka 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipima programu nyingi za utambuzi wa uso. Kwenye picha zenye ubora mzuri, makosa ya kumdhania mtu kuwa ni mwingine yalikuwa ya juu zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki, na ya chini zaidi kwa watu wa Ulaya Mashariki. Upimaji ule haukuhusu simu yako hasa. Lakini unatosha kukufanya usiiamini kamera bapa kulinda vitu vizito. Mjaribishe ndugu mnayefanana naye. Ijaribu na picha yako kwenye simu nyingine. Ikifunguka kwa picha, zima utambuzi wa uso leo hii, tumia kidole.

Kwa Face ID mwanga si hoja kubwa, ila jua kali likipiga moja kwa moja kwenye kamera linaweza kuisumbua, kwa kuwa jua lenyewe lina infraredi nyingi. Geuka hatua moja, au ingia kivulini.

Umbali nao una kazi. Apple wanataja sentimita 25 hadi 50. Aliyelala kitandani simu ikiwa karibu na pua atakataliwa, na vilevile anayeichungulia kwa pembeni ikiwa mezani. Kwenye iPhone za kabla ya iPhone 13, simu iliyolazwa kwa upana haisomi uso, lazima isimame wima.

Kilichopo usoni

Face ID ya kawaida inataka kuona macho, pua na mdomo. Ushungi na kilemba havina shida mradi uso uko wazi. Nikabu na barakoa ni jambo jingine. Kama una iPhone 12 au ya baadaye yenye iOS (mfumo endeshi wa iPhone) 15.4 kwenda juu, ingia "Settings", kisha "Face ID & Passcode", washa "Face ID with a Mask". Simu itasoma zaidi eneo la macho. Kwa anayevaa nikabu hiyo inaweza kumwokoa, mradi kitambaa hakishuki juu ya nyusi. Mwenye miwani ya kuonea aongeze miwani yake hapohapo kupitia "Add Glasses".

Miwani ya jua ni kubahatisha. Baadhi zinapitisha infraredi, baadhi zinaizuia kabisa, na kwa kuangalia rangi tu hutajua. Utashauriwa uzime "Require Attention for Face ID" ili simu isihitaji kuona macho yako yakiitazama. Inasaidia, lakini ujue umefungua mlango: mtu anaweza kukuelekezea simu ukiwa usingizini ikafunguka. Mimi ningevua miwani.

Anayebadilika sana, leo ushungi, kesho rasta, wiki ijayo ndevu zimenyolewa, asifute usajili. Tumia nafasi ya mwonekano wa pili: kwenye iPhone inaitwa "Set Up an Alternate Appearance", ipo tangu iOS 12. Samsung wana nafasi ya kuongeza mwonekano mbadala pia. Nafasi hiyo ndiyo wanandoa wengi huitumia kusajili uso wa mwenza kwenye simu moja, sasa hapo mtaamua wenyewe nani ana haki zaidi.

Kulwa na Doto wana habari yao. Apple wenyewe wanasema uwezekano wa mtu yeyote tu kufungua iPhone yako kwa uso ni chini ya 1 kwa 1,000,000, lakini kwa mapacha na ndugu wanaofanana, na kwa watoto walio chini ya miaka 13, hatari ni kubwa zaidi. Mapacha wasiotaka kusomeana meseji watumie namba ya siri.

Mipangilio, kwa utaratibu huu

Washa simu upya kwanza. Hatua hii inadharauliwa, lakini inamaliza mengi, hasa simu iliyokaa wiki kadhaa bila kuzimwa.

Halafu angalia masasisho ya mfumo. Tatizo likiwa limeanza mara tu baada ya sasisho, huenda dawa iko kwenye sasisho linalofuata, au usajili wa zamani unahitaji kurudiwa. Tumia Wi-Fi kama bando lako ni la kuhesabu, maana faili hizi ni kubwa.

Tatu, kagua kama uso umeruhusiwa kwa kazi unayotaka. Kwenye "Face ID & Passcode" kuna swichi tofauti za kufungua simu, kulipia na kuingia kwenye programu. Swichi ya kufungua simu ikizimwa, Face ID itaendelea kufanya kazi kwingine, nawe utadhani sensa imekufa nusu.

Nne, ndipo ufute na kusajili upya. iPhone: "Reset Face ID", halafu "Set Up Face ID". Android: Mipangilio, sehemu ya usalama, futa data ya uso, sajili tena. Kabla ya kufuta hakikisha unakumbuka nenosiri la programu ya benki, kwani nyingi zitakutaka uingie upya. Sajili mchana, mwanga ukiwa mbele, uso mkavu, bila miwani ya jua, simu usawa wa macho. Zungusha kichwa polepole. Watu wanasajili saa tano usiku chini ya taa ya njano, kisha wanailaumu simu mchana wake.

Kuirudisha simu kwenye hali ya kiwandani kunapendekezwa haraka mno mtaani. Kama sensa imekufa, utapoteza picha zako na sensa itabaki imekufa.

Dalili za sensa iliyoumia

Ukiona ujumbe kwamba Face ID haipatikani, au kwamba tatizo limegunduliwa kwenye kamera ya TrueDepth (ndiyo ile ya Face ID), hapo mipangilio imefika mwisho. Dalili nyingine ni simu kukuambia uishushe, uipandishe, uishushe tena wakati wa kusajili bila kufika popote. Fungua pia kamera ya selfi upande wa "Portrait": kama nyuma yako hakufifii ilhali zamani kulikuwa kunafifia, kipimo cha umbali huenda kimeharibika.

Vyanzo vya kawaida ni maji, kuanguka na kubadilishiwa kioo. Jasho la mazoezi, mvua ya masika kwenye bodaboda, matone ya maji ya chumvi yanayoruka pale ufukwe wa Coco au kwenye kivuko cha Kigamboni: vyote vinaingia kupitia tundu la spika ya juu, na sensa ziko hapohapo. Simu ikilowa, izime, ifute, iweke wima penye upepo. Mchele uache jikoni. Apple wamekataza, kwa kuwa chembe zake zinaweza kuingia ndani.

Unapompa fundi

Kwenye iPhone X hadi mfululizo wa 12, sehemu ya sensa za Face ID imebandikwa kwenye utepe mwembamba wa spika ya juu, nyuma ya kioo. Sensa hizo zimeunganishwa na bodi ya simu ileile kiwandani. Kioo kikibadilishwa, utepe wa zamani lazima uhamishwe kwenye kioo kipya ukiwa mzima. Ukichanika, au fundi akaweka wa simu nyingine, Face ID inakufa hata kama kioo ni orijino. iPhone 13 ilikuja na kizuizi chake: kioo kilichobadilishwa na fundi asiye wa Apple kiliizima Face ID, hadi Apple walipoondoa kizuizi hicho kwenye iOS 15.2.

Kwa hiyo kabla fundi hajashika bisibisi, mwambie: "Kaka, tujaribu Face ID wote wawili sasa hivi, inafanya kazi. Na ule utepe wa spika ya juu utauhamisha?" Akijibu "utepe gani?", chukua simu yako, msalimie, nenda kibanda kingine. Akijibu vizuri, kaa hapo uangalie. Usilipe yote kabla ya kujaribu tena Face ID mbele yake, ikiwemo kusajili upya.

Kama projekta ya nukta ndiyo iliyokufa, wapo mafundi wenye darubini na vifaa vya kuhamisha chipu wanaoweza kuifufua, lakini ni wachache. Anayekuhakikishia kwa dakika kumi kaunta, mkatalie.

Ukinunua used Kariakoo

Mitaa ya Aggrey na Likoma imejaa iPhone zilizotumika, na Face ID iliyokufa ndiyo kasoro inayofichwa kirahisi, kwa sababu muuzaji anakukabidhi simu ikiwa imeshafunguka. Usiulize tu kama inafanya kazi. Sajili uso wako mwenyewe, funga simu, fungua mara kadhaa, kisha ingia kona yenye giza ujaribu tena. Kwenye "Settings", "General", "About", simu mpya kiasi zenye iOS 15.2 kwenda juu zinaonyesha historia ya vipuri vilivyobadilishwa. Ukimaliza, futa uso wako kama hununui. Piga *#06#, tuma namba ya IMEI (utambulisho wa simu yenyewe) kwenda 15090 uone kama simu inatambulika, na dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Muuzaji akisema "bosi, hiyo Face ID ukisasisha itarudi", mpunguzie bei kana kwamba haitarudi kamwe.

Tableti

iPad Pro pekee ndizo zenye Face ID, za Air, mini na za kawaida zinatumia kidole. Zinasoma uso wima na kwa upana, ila kwenye matoleo ya kabla ya 2024 kamera iko upande mfupi, na ukiishika kwa upana kiganja kinaifunika. Kioo kitakuonyesha mshale unaoelekea kwenye kamera: sogeza mkono. Samsung za bei nafuu kama Galaxy Tab A8 hazina kidole, zina kamera tu. Tableti ya familia ambayo watoto wanaichezea ibaki na PIN.

Simu yako ikiwa haitengenezeki, izime Face ID kabisa ili isipoteze muda kujaribu kila unapoigusa, na weka namba ya siri ya tarakimu sita isiyo mwaka wako wa kuzaliwa wala PIN ya M-Pesa. Na hata iliyo nzima, ukihisi pikipiki imekusogelea kwa namna isiyoeleweka, minya vile vitufe viwili mfukoni. Android nyingi zina kitufe cha "Lockdown" kwenye menyu ya kuzima simu, kinachofanya kazi hiyohiyo: mkwapuaji hataweza kuielekeza usoni kwako ikafunguka.